Joginder Singh: Fundi aliyeifunga Porsche kwa springi za lori

Pasaka ya mwaka 1974 mvua ilinyesha Kenya kama imetumwa. Magari ya Safari Rally yalikuwa yanazama kwenye tope moja baada ya jingine, na mbele ya wote alikuwa Björn Waldegård, Msweden mwenye mguu mzito, ndani ya Porsche 911. Kwenye karatasi mechi ilikuwa imekwisha. Porsche ilikuwa na injini kubwa na kiwanda chenye jina nyuma yake. Halafu mkono wa sasipenshen ukakatika, muda ukapotea, na aliyepita kwenda kuchukua kombe alikuwa Singasinga wa miaka 42 akiendesha kigari cha Kijapani ambacho wengi walikuwa hawajakipa hata nafasi ya kufika: Mitsubishi Lancer 1600 GSR.

Jina lake Joginder Singh. Wazungu walimwita Singasinga Anayeruka. Wananchi wa Kenya walimwita Simba, na mashabiki wa Yanga watavumilia, maana jina hilo halikuwa na uhusiano wowote na Msimbazi.

Alizaliwa Kericho mwaka 1932, katika mji wa majani ya chai, mtoto wa Battan Singh, fundi magari aliyetoka Punjab. Wengine wa umri wake walijifunza gari kwa kukaa kwenye usukani. Huyu alianzia chini ya gari, mgongo kwenye sakafu yenye oili, spana mkononi. Baadaye akapata kazi ya doria katika chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka barabarani na kuwakwamua waliokwama. Ukiifanya kazi hiyo kwa muda unajua kitu kimoja ambacho madereva wengi wa mbio hawakijui: gari linavunjikia wapi, na kwa nini.

Akaanza mbio akiwa amekwisha kuwa mtu mzima, miaka 26. Safari ya kwanza aliingia mwaka 1959, wakati mashindano yenyewe yana miaka sita tu. Yalikuwa yameanzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Hayakuwa mbio za uwanjani. Barabara ilikuwa hiyo hiyo ya mabasi, ng'ombe na watoto wa shule, maelfu ya kilomita kwa siku chache, na kila Pasaka mvua za masika zilikuja kucheza kama mchezaji wa kumi na mbili. Mwaka 1963 yalifika magari saba tu. Mwaka 1968 saba tena, na Joginder alikuwa mmoja wa hao saba akiwa na Datsun.

Ushindi wa kwanza ulikuja mwaka 1965. Yeye na mdogo wake Jaswant walichukua Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa na timu ya kiwanda, gari ambalo Volvo wenyewe hawakulitaka tena. Kwa lugha ya usajili, walichukua mchezaji aliyeachwa huru. Wakalivua lote, wakalifunga upya kwa mikono yao, wakaondoka na namba 1 ubavuni. Waliporudi Nairobi walikuwa wamewaacha wa pili kwa zaidi ya saa moja na nusu. Pengo hilo ni sawa na mechi nzima ya mpira.

Wengi wanaposimulia habari zake husimama hapo kwenye Volvo, kwa sababu hadithi ni tamu. Lakini ushindi wa 1974 ndio unaomweleza vizuri zaidi, na ili kuuelewa inabidi kuinama uangalie chini ya ile Lancer, upande wa nyuma.

Nyuma ya Lancer hapakuwa na ufundi wa kumshangaza mtu. Palikuwa na ekseli moja nzima, bomba la chuma kutoka tairi la kulia hadi la kushoto na difu katikati, na ekseli hiyo ilikaa juu ya springi za vyuma bapa. Ni zile zile za malori: vyuma virefu vilivyopinda kama upinde, kimepangwa kimoja juu ya kingine, kirefu juu na vifupi chini, vikafungwa kwa yubolti. Ni ufundi wa tangu enzi za magari ya farasi. Porsche ilikuwa na sasipenshen ya kisasa, kila tairi na mkono wake. Kwenye lami hakuna ubishi nani bora. Kwenye mashimo, usiku, siku ya tatu bila usingizi, hesabu inabadilika.

Watu wa Mbinga hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Kabla lami haijateremka hadi Mbamba Bay, kilomita 66 hivi kutoka Mbinga mjini, njia ile ilikuwa ikiteremka kutoka milima ya Umatengo mpaka usawa wa Ziwa Nyasa kwa kona, mawe na makorongo yaliyochimbwa na mvua. Timu ya mwambao iliyotaka kucheza ugenini Mbinga ilipanda nyuma ya lori pamoja na samaki. Anayejua kukaa nyuma ya lori anajua springi kuliko mwanafunzi wa chuo.

Na mafundi wa njia kama zile wana dawa yao: lori likilalia mzigo, ongeza chuma kimoja. Likilalia tena, ongeza kingine. Kwa mzigo wa kahawa dawa inafanya kazi, hakuna ugomvi. Tatizo linakuja lori likiwa tupu. Springi imekuwa ngumu kama ubao, haipindi. Tairi moja likiingia kwenye korongo, jingine linaning'inia hewani badala ya kushuka kuifuata ardhi, na difu ya kawaida ina tabia mbaya: tairi lisiloshika kitu linazunguka bure, na lile lililo chini halipati nguvu ya kutosha kusukuma. Lori linakwama mahali ambapo pikapu chakavu inapita. Ni kama beki mwenye mapaja makubwa asiyepinda kiuno. Mwili wote wa kazi, lakini akigeuzwa mara moja amekwisha.

Springi inayopinda vizuri haipatikani kwa kuongeza chuma. Kuna mambo madogo madogo yanayopuuzwa. Springi inapobonyea, ule upinde unanyooka, na ukinyooka unarefuka. Ndiyo maana ncha yake ya nyuma haifungwi moja kwa moja kwenye chasisi. Inashikwa na kishikio kifupi kinachobembea. Kishikio kikishika kutu, au bushi zikikauka, springi haina pa kurefukia, na gari zima linakuwa gumu ingawa vyuma vyenyewe ni vizima. Vile vile vyuma husuguana kimoja na kingine kila gari linapopiga shimo. Vikijaa kutu na matope vinang'ang'aniana na kuwa kama chuma kimoja kinene. Fundi mwenye subira huvifungua, huvisugua, huviweka grisi, huvirudisha. Shokapu nayo iwe na urefu wa kutosha, maana fupi itazuia tairi lisishuke hata kama springi inataka kushuka. Springi ndefu yenye vyuma vichache vyembamba hupinda kuliko fupi yenye vyuma vingi. Hilo ni jambo la umbo, wala halihitaji maombi.

Lakini ukilegeza mno nako kuna adhabu. Springi za vyuma bapa zina kazi mbili: kubeba gari, na kuishika ekseli isisogee mbele wala nyuma. Zikiwa laini kupita kiasi, dereva akikanyaga mafuta ghafla zinajikunja kama herufi S, ekseli inajipinda, tairi linaruka-ruka. Yubolti zikilegea, boliti ya katikati inakatika na ekseli inahama mahali pake. Gari la Safari lilikuwa limebeba tairi za akiba, vipuri, mafuta na watu wawili, kisha likaruka kwenye matuta usiku kucha. Likiwa laini linagonga chini, likiwa gumu linavunjika. Katikati ya hayo mawili pana upenyo mdogo, na humo ndimo rali ilimoshindiwa.

Uzuri mwingine wa springi hizo ni kwamba hazina siri. Chuma kimoja kikikatika, vingine vinaendelea kubeba gari mpaka kwenye kituo cha mafundi. Mkono wa sasipenshen ukikatika, kama wa Waldegård, umesimama. Ndiyo tofauti ya kikosi chenye benchi na kikosi chenye nyota mmoja.

Hapo ndipo ufundi wa Kericho ulipokuwa na thamani. Joginder hakuwa dereva mwenye kasi kuliko wote, na hata mashabiki wake wakubwa hawakubishana juu ya hilo. Alikuwa dereva anayesikia gari. Aliyekaa miaka chini ya magari ya watu anajua shimo lipi springi itamlipia na lipi litamdai. Wageni kutoka Ulaya walikuja na kasi ya kutisha, wakaongoza saa za kwanza, kisha magari yao yakaonekana pembeni ya barabara yamefunuliwa boneti. Katika Safari 22 alizoingia, Joginder alimaliza 19. Tafuta mshambuliaji mwenye takwimu ya namna hiyo.

Mwaka 1974 ushindi ule ulikuwa tayari ni wa ubingwa wa dunia wa rali, ulioanza mwaka mmoja kabla. Mwaka 1975 kombe lilikwenda kwa Ove Andersson na Peugeot 504. Mwaka 1976 Lancia walikuja na Stratos, gari lililotengenezwa kwa ajili ya rali na si kwa kazi nyingine yoyote, chini kama meza, kasi kama mshale. Mitsubishi walirudi na Lancer zile zile, springi zile zile za nyuma. Matokeo: wa kwanza Joginder Singh na msoma ramani wake David Doig, wa pili Robin Ulyate, wa tatu Andrew Cowan, wote ndani ya Lancer. Tatu bila. Stratos haikuonekana katika nafasi tatu za juu.

Kwa ushindi huo akawa mtu wa kwanza kuchukua Safari mara tatu. Alikuwa na miaka 44, umri ambao mchezaji wa mpira amekwisha kuwa kocha na amekwisha kufukuzwa mara mbili.

Aliendelea mpaka mwaka 1980. Pasaka ya mwaka huo huo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda Safari yake ya tatu na kuifikia rekodi, kisha akaipita mwaka 1981 na kuongeza nyingine mwaka 1982. Mehta naye amekwisha kwenda, tangu mwaka 2006. Joginder alifariki London mwezi Oktoba 2013, akiwa na miaka 81.