HAYATI MZEE JOMO KENYATTA NA MARADHI YALIYOFICHWA

Hayati Mzee Jomo Kenyatta sote twamjua. Mimi nataka kueleza jambo ambalo masomo yetu hulipita mbiombio, nalo ni maradhi yake.

Mzee alizaliwa Gatundu mwishoni mwa karne ya 19, akaitwa Kamau wa Ngengi. Mwaka 1909 aliingia shule ya misheni ya Thogoto. Miaka ya 1920 aliajiriwa Nairobi kusoma mita za maji. Aliishi Uingereza toka 1931 hadi 1946. Oktoba 1952 alikamatwa na wakoloni, akafungwa, akaachiliwa 1961. Mwaka 1963 akawa Waziri Mkuu, na 1964 Rais wetu wa kwanza.

Afya yake ikaanza kuzorota. Mwaka 1966 alipata kiharusi chepesi, na Mei 1968 kikamrudia.

Kiharusi ni nini hasa? Mishipa ya damu ni kama mabomba ya maji. Donge la damu likiziba mshipa wa ubongo, sehemu ile hukosa damu na kufa. Lakini mara nyingine donge huyeyuka upesi. Hapo mtu huona giza jicho moja kama pazia limeshushwa, mkono hulegea, maneno humpotea, pengine hata kumbukumbu huvurugika. Baada ya dakika chache yote hupita. Basi watu husema ni uchovu, wengine eti ni jini! Kumbe ni onyo. Kiharusi kikubwa chaweza kufuata siku hizo hizo.

Maradhi ya Mzee yalifichwa. Mwaka 1976 Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, alitangaza kwamba hata kuwaza kifo cha Rais ni kosa la kunyongwa. Tarehe 21 Agosti 1978 Mzee alihudhuria hafla Msambweni, ng'ambo ya Likoni kwa barabara ya Tanzania. Alfajiri ya tarehe 22 akafariki dunia katika Ikulu ya Mombasa kwa ugonjwa wa moyo. Wananchi wakapigwa na butwaa.

Mzee alikuwa na madaktari. Je, babu na nyanya zetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe? Mmoja wao akiona giza kisha akasema limekwisha, msimwache alale. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, apimwe presha. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.