Denis Parsons Burkitt

Denis Parsons Burkitt (Enniskillen, Eire, 28 Februari 1911 – Gloucester, Uingereza, 23 Machi 1993) alikuwa daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa karibu miaka 20. Anajulikana hasa kwa kueleza saratani ya watoto inayoitwa limfoma ya Burkitt. Utafiti wake ulifungua njia ya kugunduliwa kwa virusi vya Epstein-Barr, ambavyo leo huzingatiwa pia katika matibabu ya watu waliopandikizwa figo.

Maisha ya awali

Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho la kulia katika ajali. Alianza kusoma uhandisi Trinity College, Dublin, kisha akageukia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa daktari wa jeshi. Mwaka 1946 alipelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda, na mwaka 1948 akahamia hospitali ya Mulago, Kampala.

Utafiti

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baada ya wiki chache Burkitt aliona mtoto wa pili wa namna hiyo huko Jinja. Alichapisha taarifa yake mwaka 1958.

Mwaka 1961, pamoja na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson, alisafiri kwa gari kutoka Kampala hadi Afrika Kusini akipitia Tanganyika, safari ya takriban kilomita 16,000, akiuliza hospitali kwa hospitali. Ramani yake ilionyesha kwamba ugonjwa huo hupatikana penye joto na mvua, yaani penye malaria nyingi. Wilaya za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, zimo katika ukanda huo.

Mwaka huohuo Anthony Epstein alisikia mhadhara wake London, akaomba vipande vya uvimbe. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kuona virusi ndani ya seli zake.

Umuhimu katika upandikizaji wa figo

Watu wengi duniani wana virusi hivi bila kuugua, kwa sababu kinga ya mwili huvidhibiti. Aliyepandikizwa figo hutumia dawa za kupunguza kinga ili mwili usiikatae, hivyo virusi vinaweza kuzichochea seli B zizaliane kupita kiasi.

Chini ya hadubini, kipande cha figo hiyo kinaweza kufanana na cha figo inayokataliwa, kwa kuwa hali zote mbili hujaza seli nyeupe za damu. Kwa kawaida katika kukataliwa seli T ndizo nyingi. Katika hali inayotokana na virusi ni seli B, na kipimo maalumu huonyesha virusi ndani yake. Kutofautisha ni muhimu kwa sababu tiba zinapingana: figo inayokataliwa huhitaji dawa za kinga ziongezwe, lakini penye virusi hupunguzwa. Kosa linaweza kumgharimu mgonjwa figo au maisha.

Tanzania ilianza kupandikiza figo Muhimbili mwaka 2017, ikafuata Dodoma mwaka 2018. Hospitali hizo ziko mbali na Kasulu na Kibondo, kwa hiyo mgonjwa akirudi nyumbani, homa au tezi zilizovimba zinahitaji uchunguzi mapema.

Miaka ya mwisho

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Nchini Uingereza alipata umaarufu wa pili kwa kuhimiza ulaji wa vyakula vyenye nyuzinyuzi.