Louis Braille: kipaji kilichohitaji nukta sita

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 huko Coupvray, kijiji kilicho mashariki ya Paris, Ufaransa. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa ngozi aliyetengeneza matandiko na hatamu za farasi. Louis akiwa na miaka mitatu alichezea vifaa vya karakana, na chombo chenye ncha kali kikamchoma jicho. Ugonjwa ukahamia jicho la pili. Kufikia miaka mitano alikuwa haoni kabisa.

Mwaka 1815 kijiji kilipata paroko mpya, Padre Jacques Palluy. Alitambua kuwa mtoto huyu ana akili nyepesi na kumbukumbu kubwa. Akaanza kumfundisha mwenyewe, kisha akamwombea nafasi kwa mwalimu wa kijiji. Louis akaketi darasani pamoja na wanaoona, akasikiliza, akakariri, akafanya vizuri. Lakini wenzake walipofungua vitabu, yeye alibaki mikono mitupu.

Februari 1819, akiwa na miaka kumi, alipelekwa katika taasisi ya vijana wasioona jijini Paris. Huko kulikuwa na vitabu vyenye herufi za kawaida zilizotuna juu ya karatasi. Vilikuwa vizito na vichache, kidole kilizipapasa herufi moja moja kwa shida, na mwanafunzi hakuweza kuziandika mwenyewe. Waliozibuni walikuwa na nia njema, ila walifikiri kwa macho yao, si kwa vidole vya wasomaji.

Mwaka 1821 Charles Barbier, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi, alileta katika taasisi hiyo mwandiko wa nukta. Alama moja ilikuwa na nukta hadi 12, nyingi kuliko ncha ya kidole inavyoweza kugusa kwa mara moja. Louis alifanya majaribio kwa muda mrefu, na mwaka 1824, akiwa na miaka 15, alikuwa amefikia nukta sita: safu mbili za nukta tatu tatu. Zilitosha kwa herufi, tarakimu na hata muziki. Mwaka 1829 alizichapisha.

Alibaki pale akiwa mwalimu, na alipiga kinanda kanisani. Wanafunzi walizipenda nukta zake, lakini baada ya mwaka 1840 uongozi mpya wa taasisi ulizipiga marufuku, nao wakaendelea kuandikiana kwa siri. Mwaka 1844 zikaonyeshwa hadharani. Louis alifariki kwa kifua kikuu tarehe 6 Januari 1852, akiwa na miaka 43, na taasisi yake ilizikubali rasmi miaka miwili baadaye.

Ndugu wasomaji, tuangalie tena darasa la Coupvray. Ulemavu ungeweza kuficha kipaji cha Louis, watu wakamwona wa kuhurumiwa tu. Kipaji nacho kingeweza kuficha hitaji lake: kwa kuwa alikariri kila kitu, ilikuwa rahisi kusema kwamba anajimudu. Padre Palluy hakuangukia upande wowote.

Katika parokia zetu za Ukonga yupo mtoto anayejibu maswali yote ya katekisimu kwa kichwa, nasi tunampigia makofi. Je, tumeuliza kwa nini hasomi? Huenda haoni vizuri. Huenda anaona, ila herufi zinamchanganya, wakati hesabu anazifanya kuliko wakubwa wake. Makofi peke yake hayamfikishi mbali.

Hapa Dar es Salaam ipo Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, ambako watoto wasioona husoma kwa nukta nundu, na Dodoma ipo Buigiri. Katekista na viongozi wa jumuiya ndogondogo wanaweza kukaa na wazazi, kisha kwenda nao kwa mwalimu mkuu au afisa elimu kabla shule hazijafunguliwa Januari. Na mtoto anayejua nukta nundu apewe somo la Misa mapema aliandike kwa nukta, ili Jumapili alisome yeye mwenyewe mimbarini.