Bibi Titi Mohamed

Bibi Titi Mohamed (Dar es Salaam, Juni 1926 – Johannesburg, Afrika Kusini, 5 Novemba 2000) alikuwa mwanasiasa wa Tanzania, mwimbaji wa ngoma na kiongozi wa kwanza wa wanawake wa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika. Alikuwa mbunge wa Rufiji, waziri mdogo (cheo kinacholingana na naibu waziri wa leo) na mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika (UWT).

Maisha yake yanasaidia kujibu swali ambalo wanafunzi huuliza mara kwa mara: je, taifa hili liliasisiwa juu ya misingi ya Kikristo, kwa kuwa rais wake wa kwanza alikuwa Mkatoliki na shule nyingi za wakati ule zilikuwa za misheni?

Utoto

Titi alizaliwa katika familia ya Kiislamu. Baba yake hakutaka aende shule. Wazazi wengi wa pwani walikuwa na msimamo huohuo, kwa sababu shule nyingi za Tanganyika ziliendeshwa na makanisa, na iliaminika kwamba mtoto akienda huko atarudi na jina la ubatizo. Baba alipofariki, mama alimpeleka katika shule ya wasichana ya serikali mjini Dar es Salaam, ambayo sasa huitwa Uhuru. Hakusoma kwa muda mrefu. Aliozwa akiwa na umri wa miaka 14 hivi.

Jambo hili ndilo mzizi wa mengi yaliyofuata. Waafrika wachache waliofika sekondari na vyuoni walikuwa Wakristo kwa sehemu kubwa, kwa sababu misheni ndizo zilizokuwa na shule. Waislamu wa mijini walikuwa na vyama, biashara, mitandao ya masheikh na vikundi vya ngoma, lakini vyeti vilikuwa haba. Titi mwenyewe alijulikana mjini kwa sauti yake: alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba.

Kuingia TANU

TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Rais wake, Julius Nyerere, alikuwa mwalimu katika shule ya Kikatoliki ya Mtakatifu Francis, Pugu. Alitoka Butiama, mbali na pwani, na Dar es Salaam alikuwa mgeni. Wenyeji waliompokea na kumtambulisha kwa wazee wa mji walikuwa Waislamu kwa wingi, miongoni mwao Abdulwahid Sykes na Dossa Aziz, pamoja na Wakristo kama John Rupia. Sheikh Hassan bin Amir, mwanachuoni mwenye heshima kubwa, aliunga mkono chama hicho.

Titi na mumewe Boi Selemani walijiunga mapema. Kadi ya mume ilikuwa namba 15, ya mke namba 16. Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alitembelea Dar es Salaam, akataka kujua kama TANU ilikuwa na tawi la wanawake. Halikuwapo. Titi akapewa kazi hiyo.

Hakuanzia patupu. Vikundi vya lelemama vilikuwa tayari na viongozi, michango, sare na siku za kukutana. Titi aliwaendea viongozi hao mmoja mmoja, nao wakaja na watu wao. Katika miezi michache maelfu ya wanawake walichukua kadi, wengi wao Waislamu wasiojua kusoma, wakiwemo wauza pombe na mama lishe. Wafanyakazi wa serikali walikatazwa kujiunga na TANU, lakini wanawake hawa hawakuwa na mwajiri wa kumwogopa. Kwa maoni ya mwandishi, vitabu vya shule bado havijawapa nafasi wanayostahili.

Suala la dini ndani ya chama

Hofu kuhusu dini ilijitokeza wazi mwaka 1958. Uchaguzi wa kura tatu ulimtaka kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na haki ya kupiga kura ilitegemea elimu, kipato au wadhifa. Masharti hayo yaliwanufaisha waliosoma misheni. Mkutano wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958 uliamua kushiriki hata hivyo. Mwaka huohuo Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa baraza la wazee la TANU, alieleza wasiwasi kwamba uhuru ungewaacha Waislamu nyuma, akafukuzwa chamani. Kikundi cha AMNUT kilitaka uhuru ucheleweshwe mpaka Waislamu wasome. Waislamu walio wengi hawakukifuata, na Titi alibaki TANU.

Makubaliano yaliyoshika ni kwamba dini ya mtu isiulizwe. Ni kweli kwamba wimbo wa taifa una tuni ya wimbo wa kanisa uliotungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, Mmethodisti wa Afrika Kusini. Lakini katiba haikutaja dini ya taifa, sensa ya 1967 ilikuwa ya mwisho kuuliza dini, na mwaka 1969 serikali ilitaifisha shule za misheni. Walioanzisha chama hawakuwa wa dini moja, na wasingeweza kukijenga kwa dini moja.

Baada ya uhuru

Titi aliwakilisha Rufiji, wilaya ambayo wakati ule ilijumuisha pia Kibiti na Bungu. Katika uchaguzi wa 1965 TANU ilisimamisha wagombea wawili katika majimbo, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Titi alishindwa. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilipokataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, alijiuzulu katika uongozi wa chama. Alikuwa amejenga nyumba hizo kwa ajili ya maisha yake, na hakuona kosa.

Alikuwa pia kiongozi katika East African Muslim Welfare Society, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1945 na Aga Khan na kujenga shule na misikiti. Jumuiya hiyo iligawanyika, ikapigwa marufuku Desemba 1968, na BAKWATA ikaundwa Iringa. Sheikh Hassan bin Amir alirudishwa Zanzibar. Waislamu wengi waliona kwamba kanuni ya kutoulizana dini iliwabana wao zaidi. Watetezi wa serikali waliona ni kinga dhidi ya mgawanyiko. Mjadala huo unaendelea hadi leo.

Oktoba 1969 Titi alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, pamoja na aliyekuwa waziri Michael Kamaliza na wengine. Oscar Kambona, aliyekuwa London, alidaiwa kuwa kinara. Kambona alikuwa Mkristo, kama walivyokuwa washtakiwa kadhaa, hivyo si rahisi kuiita kesi hiyo ya kidini. Titi alikana mashtaka mbele ya Jaji Mkuu Philip Telford Georges, lakini alihukumiwa kifungo cha maisha. Aliachiwa mwaka 1972 kwa msamaha wa rais.

Miaka ya mwisho

Aliishi kimya Dar es Salaam. Katika sherehe za miaka 30 ya uhuru, mwaka 1991, gazeti la chama tawala lilimtaja miongoni mwa mashujaa. Alifariki akiwa matibabuni Johannesburg. Barabara ya Bibi Titi Mohamed, inayopita kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja jijini Dar es Salaam, ina jina lake.