Édouard Séguin: Mwalimu Aliyeanza na Mwili wa Mtoto

Édouard Séguin, mwana wa daktari, alizaliwa mwaka 1812 katika mji wa Clamecy, Ufaransa. Zama zile, mtoto aliyechelewa mno kutembea, kusema au kufahamu alihesabiwa kuwa hana dawa. Madaktari wengi walimwona hatibiki na walimu wakamwona hafundishiki. Aghalabu mwisho wake ulikuwa kufungiwa pamoja na wendawazimu.

Mwaka 1837, Séguin alianza kumfundisha mtoto mmoja wa namna hiyo kwa maelekezo ya Itard, daktari aliyewahi kumlea na kumfunza Victor, mtoto aliyepatikana katika misitu ya Aveyron. Séguin hakuanza na ubao wala kitabu. Aliizoeza misuli kwanza: mtoto alikwea ngazi, akashika vizito, akajifunza kusimama. Kisha ikafuata milango ya fahamu, kuanzia kugusa, na vibao vyenye matundu ya maumbo mbalimbali. Baadaye ndipo yalipokuja maneno na hesabu. Chakula, usafi na hewa safi aliviingiza katika mafunzo yenyewe.

Mwaka 1842 alipewa kazi ya kufundisha watoto katika hospitali ya Bicêtre, Paris, lakini hakuelewana na wakuu wake, akaondoka mwaka uliofuata. Hakukata tamaa. Mwaka 1846 alichapisha kitabu kikubwa juu ya malezi, afya na elimu ya watoto hao, na baadaye akahamia Marekani, ambako shule za namna hiyo zilikuwa zimeanza kufunguliwa. Alipata shahada ya udaktari huko New York mwaka 1861.

Udaktari haukumtenga na wazazi. Mwaka 1873 alitoa mwongozo wa kutumia kipimajoto kwa ajili ya akina mama na wauguzi, ili homa ya mtoto itambuliwe nyumbani mapema. Alifariki mwaka 1880. Maria Montessori, naye daktari, alivisoma vitabu vyake kwa makini na kujenga juu ya msingi huo.

Maisha haya yanamhusu kila mwalimu mwenye mwanafunzi mzito wa kuelewa. Leo inafahamika kwamba takriban nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na wengi wao wana matatizo ya kusikia au kuona. Mtoto asiyeweza kueleza maumivu yake hunyamaza au hufanya fujo; nasi huona ni ulemavu wa akili tu, kumbe sikio linauma. Hivyo hapana budi mwalimu ahakikishe kwamba masikio, macho na moyo wa mtoto vimepimwa, amweleze mganga yale ayaonayo darasani, na amsikilize mama, kwa kuwa yeye ndiye anayeshinda na kulala na mtoto. Uamuzi juu ya akili ya mtoto usitangulie uchunguzi huo.