Kisabengo: mgeni aliyetawala bonde la Ngerengere

Ukitoka Mikese kwenda Morogoro mjini leo, unafuata njia waliyoipita wapagazi wa misafara ya karne ya 19. Karibu na mto Ngerengere walikutana na mji wenye ukuta ulioitwa Simbamwene. Aliyeujenga hakuwa Mluguru wala Mkami. Alikuwa Mzigua, jina lake Kisabengo.

Kisabengo hakuzaliwa katika utawala. Alikuwa mtu wa kawaida, mwenye nguvu za mwili na ulimi wa kuvuta watu. Enzi zake biashara ya watumwa iliisumbua sana nchi ya Wazigua. Watumwa waliotoroka walimkimbilia, naye akawa kiongozi wao. Watu wa Sultani wa Zanzibar walipomsaka, alihamia Ukami na wafuasi wake.

Huko alipigana mpaka Wakami wakamwachia eneo kubwa lenye rutuba. Akajenga mji kando ya mto: kuta za mawe zenye matundu ya kupitishia bunduki, minara kwenye kona, na malango manne yenye milango ya mbao iliyonakshiwa. Mwaka 1871, mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipita Mikese, kisha akafika Simbamwene. Alikadiria kuwa mji ulikuwa na watu wasiopungua 3,000.

Lakini wenyeji hawakumkumbuka kwa kuta peke yake. Huyu aliyewahi kuwaongoza watumwa waliotoroka, yeye mwenyewe alivamia vijiji na kuteka watu. Ndiyo maana jina lake lina pande mbili: kwa aliyekuwa ndani ya ukuta alikuwa mlinzi, kwa aliyekuwa nje alikuwa tishio.

Uzeeni alijiita Simbamwene, kama mji wake. Alipokaribia kufa alimrithisha binti yake mkubwa utawala pamoja na jina hilo. Stanley alipofika, mtawala alikuwa mama huyo, akitoza misafara hongo, yaani ushuru wa kupita.

Mwaka 1872 mvua kubwa na mafuriko ya Ngerengere yalibomoa sehemu ya mji na kusomba vijiji vya bondeni. Ukuta uliojengwa kuzuia maadui haukuweza kuzuia maji.

Hata hivyo utawala wa nyumba hiyo haukufa siku ile. Mjukuu wake, Kingo, ndiye aliyekuwa mtawala Morogoro miaka ya 1880, wakati wamisionari na baadaye Wajerumani walipoingia. Leo Kingo ni jina la kata mjini Morogoro.

Kwa hiyo msikilizaji, ukisikia jina hilo, kumbuka lilikotoka: kwa mgeni aliyekuja akikimbia, akatwaa nchi kwa nguvu, na kuwaachia wazee wetu ulinzi na machungu kwa pamoja. Wasimulie watoto yote mawili.