Mtakatifu Yohane Bosco na Kijana Aliyeshindikana Shuleni

Katika jamaa nyingi za Kikristo yuko kijana mmoja ambaye habari zake husemwa kwa sauti ya chini. Nduguze wanaendelea vema na masomo. Yeye amerudishwa nyumbani, au yumo darasani kwa mwili tu. Mwalimu amemchoka, na baba yake huona haya kumtaja mbele ya wageni. Kwa ajili ya kijana huyo na wazazi wake, twapenda leo kueleza maisha ya Mtakatifu Yohane Bosco, ambaye wengi wetu twamjua kwa jina na kwa sanamu, lakini njia yake ya kulea hatuijui vya kutosha.

Yohane Bosco alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, si mbali na mji wa Torino, kaskazini mwa Italia. Baba yake alifariki mwaka 1817, mtoto akiwa hajatimiza miaka miwili. Mama yake, Margherita, hakujua kusoma wala kuandika, naye aliwalea wana watatu kwa jasho la shamba. Antonio, mwana wa mke wa kwanza wa marehemu, alichukia kumwona mdogo wake ameshika kitabu, maana aliona kwamba mkulima hana haja na kusoma. Ugomvi ukazidi, hata mama akalazimika kumpeleka Yohane, mwenye umri wa miaka 12, akafanye kazi katika shamba la watu wengine.

Mwaka 1829 padre mmoja mzee, Don Calosso, alimwonea huruma akaanza kumfundisha. Mwaka uliofuata mzee huyo akafa. Baadaye, katika shule ya Castelnuovo, mwalimu mmoja alimdharau kwa sababu alitoka kijijini. Alipoingia shule ya mji wa Chieri mwaka 1831, akiwa na miaka 16, aliwekwa katika darasa la chini pamoja na watoto wadogo. Ili apate chakula, alifanya kazi mbalimbali, hata kuhudumu katika duka la kahawa. Basi, alipopewa Upadre tarehe 5 Juni 1841, hakuhitaji kuambiwa na mtu jinsi inavyouma kubaki nyuma ya wenzako.

Torino ya siku zile ilikuwa ikipanuka upesi. Vijana walitoka vijijini kutafuta kazi ya uashi na vibarua vingine, bila wazazi, bila shule, bila parokia iliyowajua. Padre Giuseppe Cafasso, mlezi wake, alimchukua kuzuru magereza. Huko Don Bosco aliwaona vijana wa miaka 12 hadi 18, wenye afya na akili, wakiharibika bure. Lililomchoma zaidi ni kuwaona waliofunguliwa wakirudi tena, kwa kuwa huko nje hapakuwa na mtu wa kuwapokea.

Tarehe 8 Desemba 1841, katika sakristia ya kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi, mtunza sakristia alimfukuza kwa fimbo kijana mmoja asiyejua kutumikia Misa. Don Bosco akaamuru arudishwe. Jina lake lilikuwa Bartolomeo Garelli, yatima, mwashi, mwenye miaka 16. Hakujua kusoma wala kuandika, na katekisimu hakuhudhuria, kwa kuwa watoto wadogo walijua mengi kuliko yeye naye aliona aibu kukaa kati yao. Twawaomba wasomaji wetu walizingatie neno hilo. Aliyefikiriwa kuwa mvivu au mpumbavu alikuwa amefungwa na aibu. Don Bosco alimfundisha peke yake, siku ile ile, pasipo mtu wa kumcheka. Na Jumapili zilizofuata Garelli akaja na wenzake.

Kundi likakua, likafukuzwa mahali hata mahali kwa sababu ya makelele, mpaka Pasaka ya mwaka 1846 lilipopata banda la Bwana Pinardi huko Valdocco. Palikuwa mahali pa sala, mafundisho na michezo. Jioni, kazi zilipokwisha, yalifundishwa masomo ya kusoma, kuandika na hesabu. Don Bosco alitunga vitabu vyepesi kwa ajili ya wanafunzi hao. Serikali ilipokaribia kuamuru vipimo vipya vya mita na kilo, yeye mwaka 1849 alitoa kitabu kidogo cha kuvieleza, na vijana wakavijifunza hata kwa kucheza michezo ya kuigiza.

Kazi hiyo haikuwa rahisi. Vijana wa kwanza aliowalaza nyumbani kwake waliondoka na mablanketi usiku. Mama Margherita, aliyehamia Valdocco mwaka 1846 kumsaidia mwanawe, siku moja alichoka kabisa baada ya bustani yake kukanyagwa, akataka kurudi kwao. Mwanawe hakubishana naye, bali alimwonyesha msalaba ukutani. Mama akabaki, akawafulia na kuwapikia mpaka kufa kwake mwaka 1856.

Don Bosco aliona pia kwamba si kila kijana hukua kwa kitabu. Aliwatafutia mafundi wa kuwafunza, na kuwaandikia mikataba. Katika mkataba mmoja wa Februari 1852, wa kijana aliyejifunza useremala, fundi alifungwa kumrekebisha kwa maneno, si kwa mapigo, na kumpa kazi za ufundi wake tu. Hata hivyo si mafundi wote walioaminika. Kwa hiyo mwaka 1853 alianza karakana zake mwenyewe, kwanza ya viatu na ya nguo, kisha ya kujalidi vitabu, ya useremala, ya uchapaji na ya uhunzi. Mwaka 1859 aliunda Shirika la Wasalesiani, na mwaka 1872, pamoja na Maria Domenica Mazzarello, shirika la masista kwa ajili ya wasichana. Mwaka 1877 aliiandika njia yake ya malezi, yenye nguzo tatu: akili, dini na upendo. Mlezi akae pamoja na vijana, amzuie kijana asianguke, wala asingojee kosa ili apate kuadhibu.

Alifariki tarehe 31 Januari 1888, na Papa Pius XI alimtangaza Mtakatifu siku ya Pasaka mwaka 1934. Wanawe walifika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mwaka 1911. Na tangu miaka ya 1980 wamefungua nyumba na vyuo vya ufundi Tanzania na Kenya.

Lakini tumalizie kwa mtoto mmoja. Mwaka 1857 Don Bosco alimkuta penye stesheni ya Carmagnola mvulana aliyewaongoza wenzake katika michezo, Michele Magone, asiye na baba, aliyefukuzwa shuleni mara nyingi kwa utundu, ingawa akili yake ilikuwa njema. Alimpokea Valdocco, akamwekea mwenzake mmoja wa kumwonya kwa upole, akamwacha akimbie uwanjani mpaka achoke. Mvulana alipoanza kuhuzunika peke yake, Don Bosco alitambua, akamsaidia kuituliza dhamiri yake. Akabadilika, akawa rafiki wa wote. Aliishi pale miezi 14 tu. Januari 1859 aliugua akafa, naye hakuwa na cheti wala ufundi wa kuonyesha. Kwa hesabu ya mitihani, taabu yote ile ilikuwa hasara. Don Bosco aliandika maisha yake katika kitabu, kilichotoka mwaka 1861, kama mtu anavyoandika habari za ushindi.

Wazazi wapendwa, kabla hatujamtafutia kijana wetu shule nyingine au fundi wa kumfunza, na hayo ni mema, tumtafute kwanza yeye mwenyewe. Tukae naye jioni moja, tumwulize bila hasira ni kitu gani kinachomwonea aibu darasani, tukamsikilize mpaka mwisho. Na jina lake tulitaje mbele ya wageni kwa sauti ile ile tunayowatajia nduguze.